Siku Nilipolishibisha Ua la Mama

Baada ya kumzika baba kwao Bungoma, nilirudi Thika nikiwa na ufunguo wa chumba chake mfukoni. Alikuwa amepanga Kiandutu kwa miaka mingi, chumba kimoja cha mabati, na mwenye nyumba aliniomba kwa heshima nitoe vitu kabla mpangaji mwingine hajaingia. Sikukuta vingi. Kitanda, jiko la mafuta, redio, viatu pea mbili, na nyuma ya mlango koti lake la kazi, lile la kijani alilokuwa akilivaa kazini mpaka alipoachishwa kwa sababu ya umri kwenye shamba la maua kule Ruiru. Nililishusha nilikunje, na harufu ikanipiga usoni.

Baba mwenyewe alinuka sabuni ya mche maisha yake yote. Koti lilinuka mbolea, ile ya chengachenga za buluu zinazoyeyushwa katika maji: harufu ya chumvi na chuma, inayokwaruza puani na kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na miaka saba. Niliketi kwenye kitanda cha marehemu, koti likiwa magotini, na nikajua kwamba jambo nililolinyamazia utoto wangu wote na utu uzima wangu wote lazima nimwambie mama kabla jua halijatua.

Tulikuwa tukiishi Witeithie wakati huo, kwenye ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana, bomba moja katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Mama yangu, Wairimu, alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka karibu na barabara, na nilipotoka shule nilimkuta hapo, pini mdomoni, akinisalimia kwa nyusi. Baba, Wafula, alikuja kutoka Bungoma akiwa kijana, akapata kazi Ruiru kwenye shamba linalootesha maua ya kwenye vyungu. Kazi yake ilikuwa kupima mbolea, kuichanganya na maji kwenye mapipa makubwa, na kuhakikisha kila ua limekula kiasi chake. Watoto wenzangu walisema baba zao ni madereva, ni makanga, ni walinzi. Mimi nilisema baba yangu ni mpishi wa maua, na nilisema kwa maringo.

Nilipewa jina la mama yake, Nafula, kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita Mayi, yaani mama kwa lugha ya kwao. Nilipofika miaka saba wakanizalia ndugu. Alizaliwa wakati wa kiangazi, baba akamwita Simiyu. Ninachokikumbuka zaidi kumhusu ni kwamba alikuwa akicheka lazima apate kwikwi, na kwikwi zikimshika anashangaa, na akishangaa anacheka tena. Nilikuwa na ruhusa ya kumbeba nikiwa nimeketi tu. Alikuwa na miezi minne.

Asubuhi moja aliamka akikohoa. Nilikuwa navaa soksi za shule nikamsikia mama akisema, "Baba Nafula, huyu mtoto anapumua vibaya."

Baba aliinama akasikiliza kifua cha Simiyu kwa sikio lake. "Ni homa tu hiyo. Ngoja nirudi tumpeleke pamoja. Leo tunapakia maua ya kusafirishwa, siwezi kukosa."

"Utarudi saa ngapi?"

"Mapema. Wewe nisubiri tu."

Mama alimsubiri. Kule shambani simu ziliachwa langoni, na ingawa alipiga mara nyingi kwa simu ya jirani yetu, Mama Brayo, hakuna aliyeshika. Niliporudi kutoka shule nilikuta mlango wetu uko wazi na sufuria ya uji imeganda. Mama alikuwa amechoka kusubiri, akamfunga Simiyu mgongoni kwa leso na kukimbilia Thika. Alipofika hospitalini akamfungua, mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza mgongoni mwake. Hakujua ni wapi njiani.

Walimzika siku ya tatu kwenye makaburi ya Thika. Mama hakwenda. Alilala akitazama ukuta, na mimi niliachwa nikae naye. Kwa hiyo nilichokiona mimi ni uani tu: sanduku dogo jeupe likipita chini ya kamba za nguo, baba amelishika kwapani kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba redio, na mchungaji wetu akiwaambia majirani kwamba mtoto huyu hatumtupi, tunampanda. Neno hilo nililishika. Shuleni tulikuwa tumepanda maharagwe kwenye pamba, na wiki haikuisha kabla hayajatoa vichwa. Sikuona sababu ya watu wazima kulia kiasi kile.

Baada ya hapo mama hakugombana na baba, na nadhani ingekuwa afadhali wagombane. Alimpikia, akamfulia, akampigia pasi. Ila hakumsemesha. Chumba chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba wote watatu tungeweza kugusana magoti, na bado mama alisema, "Nafula, mwambie baba yako chakula kiko mezani." Nami nilimgeukia baba nikamwambia, naye akaniambia, "Mwambie mama asante." Niliona ni mchezo. Niliufurahia, Mungu anisamehe.

Jioni moja baba alirudi na kitu kimefungwa kwa gazeti ndani ya koti lake. Kilikuwa chungu cha plastiki chenye mmea mfupi ambao tawi lake moja lilikuwa limevunjika, ndiyo maana ulikataliwa na wanunuzi. Majani yake yalikuwa manene, yanang'aa, na ukiyabonyeza ulihisi yamejaa maji. Haukuwa na ua hata moja. Baba aliuweka dirishani bila kusema ni wa nani.

Mama hakuugusa siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta akifuta vumbi kwenye majani kwa ncha ya leso, jani moja baada ya jingine, pole pole, kama anavyofutwa mtoto pua. Jioni ile, baba akiwa anakunywa chai, mama alisema bila kunipitia mimi, "Itatoa maua rangi gani?"

Baba aliweka kikombe chini. "Ya machungwa. Na ikichanua haina haraka. Inaweza kukaa na maua miezi miwili."

"Inaitwaje?"

"Kalankoe."

"Kalankoe," mama alijaribu. "Jina kama la mtu wa kwenu." Na mdomo wake ukasogea kidogo upande mmoja. Baba alinitazama, nami nikamtazama.

Tangu siku hiyo lile ua likawa kazi ya nyumba nzima. Baba alileta mbolea kidogo kutoka kazini, tukaihifadhi kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Jumapili moja alinifundisha kulilisha. Alichota robo ya kijiko cha chai, akasawazisha kwa kidole, akaimwaga kwenye mtungi wa lita tano na kutikisa mpaka maji yakawa na rangi ya anga ya asubuhi.

"Hii maua si kama sukumawiki, Mayi," alisema. "Imetoka mahali pa mawe na jua kali, imezoea kukaa njaa. Unaipea kidogo, mara moja kwa mwezi, basi. Na usiwahi kuipea chakula udongo ukiwa mkavu. Maji kwanza, chakula baadaye."

"Nikiipea mingi itakua haraka?"

"Ukiipea mingi inaungua."

Nilicheka. Niliwahi kuungua kwa sufuria, niliwahi kuungua kwa chai. Kuungua kwa chakula baridi ilikuwa hadithi ya kuwatisha watoto.

Liliota majani mapya. Mama alilihamisha likae pale jua la asubuhi linapopita, akalirudisha jua likiwa kali. Alianza kumwuliza baba mambo. Kwa nini jani hili limejikunja, je, liondolewe hili la chini. Baba alijibu kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha siku moja alikuja na katoni tupu ya mafuta ya kupikia, akaziba nafasi zote kwa karatasi nyeusi, akasema sasa limekomaa, tunaanza kulipa giza.

Alitueleza kwamba ua hili huhesabu usiku. Usiku ukiwa mrefu ndipo linajua wakati wa kuchanua umefika, lakini kwenye nyumba yenye taa haliwezi kujua. Kwa hiyo lifunikwe kwa katoni kila siku saa kumi na moja jioni, lifunuliwe saa mbili asubuhi, kwa wiki sita. Na wakati huo lisipewe chakula kabisa mpaka lifungue macho, yaani lichanue.

Kwa kuwa baba alichelewa kazini, kazi ya kufunika ilikuwa ya mama. Alikuwa akiacha cherehani, anakuja mbio, analifunika, anarudi. Asubuhi alilifunua kwanza ndipo aende kwenye cherehani. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo niliona yote. Na kila nilipoiona ile katoni ikishuka niliona sanduku jeupe chini ya kamba za nguo.

Nilimwuliza baba jioni moja akivua viatu. "Baba, na akikaa kwa boksi siku zote, asitoke?"

"Hapana, lazima atolewe asubuhi apate jua. La sivyo atakufa."

"Sasa Simiyu nani humtoa asubuhi?"

Kiatu kilibaki mkononi mwake. Mama alikuwa akimenya viazi, na kisu kikasimama. Kisha baba akasema kwa sauti ndogo, "Mungu, Mayi. Mungu humtoa."

Nilitosheka. Nilijua sasa mambo yote yamepangwa vizuri. Mama aliendelea kumenya viazi huku amegeuza uso, na baada ya muda akasema, "Siku itakapochanua tutaenda nayo kwa Simiyu. Sisi watatu. Sijaenda hata siku moja."

"Tutaenda," baba alisema.

"Utanionyesha ni wapi."

"Nitakuonyesha, Wairimu."

Sikuwa nimemsikia akimwita kwa jina tangu mazishi. Mimi, kwa akili ya miaka saba, nilisikia jambo moja tu: ua likichanua, tunaenda kumchukua Simiyu.

Katika wiki ya nne vitumba vilitokea, vidogo, vya kijani, kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mama aliviita vitoto. Asubuhi moja nilimkuta ameinama dirishani akiimba wimbo wa kanisani kwa pua, na baba amesimama nyuma yake akitazama bega lake, si ua. Siku hiyo waliketi kitandani pamoja wakila githeri sahani moja. Najua sasa nilichokuwa nakiona. Wakati ule niliona tu kwamba vitumba vilikuwa vidogo mno, kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, na kwamba kama hatungeharakisha Simiyu angerudi nikiwa darasani.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Ua lilikuwa halijala mwezi mzima, kwa amri ya baba. Simiyu naye, gizani kwake, alikuwa hajanyonya tangu siku ile. Nilijua anavyolia akikawia kunyonya.

Ilikuwa mchana, mama yuko kwenye cherehani, baba yuko Ruiru. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikalishusha kopo. Maji yalikuwa yamekatika ploti nzima na mtungi ulikuwa mtupu. Udongo wa kwenye chungu ulikuwa mkavu umeachana na kingo. Nilichota vijiko vitano vilivyojaa, nikazimwaga zile chenga za buluu kuzunguka shina, nikazishindilia kwa vidole, na kumwagia juu maji kidogo yaliyobaki kwenye kikombe. Niliona zinavyoyeyuka na kuzama, nikaona raha, kama unavyoona raha kumtazama mtu mwenye njaa akila. Zilizobaki kwenye kopo nilizitia kwenye mfuko wa gauni langu. Zilikuwa za Simiyu.

Siku hiyo baba aliachiliwa mapema kazini, akarudi kabla ya mama. Nilimkimbilia, akanibeba, na aliponishusha akaona shati lake lina doa la buluu. Akaona mfuko wangu. Akaona vidole vyangu. Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Mayi. Umefanya nini?"

"Nimelilisha ua. Lilikuwa na njaa." Nikamfungulia mfuko aone. "Na hii ni ya Simiyu, tukienda kumchukua."

Alichuchumaa mbele yangu. Kisha akachukua chungu, akabeba maji ya kunywa ambayo Mama Brayo alikuwa ameweka akiba kwenye ndoo, akaenda nyuma ya bafu. Nilimfuata. Alimimina maji kwenye chungu, yakatoka chini yakiwa buluu. Akamimina tena, buluu. Akamimina mpaka ndoo ikaisha, na bado yalikuwa na rangi.

"Mayi, sikia," alisema akiwa amekipakata chungu. "Hatuendi kumchukua Simiyu. Tunaenda kumsalimia tu. Simiyu hatoki."

"Hata akishiba?"

"Hata akishiba."

Hapo ndipo nilipojua. Si siku ya sanduku. Hapo, nyuma ya bafu, miguu yangu ikiwa kwenye tope la buluu. Nililia mpaka nikatapika. Baba alinikumbatia pamoja na chungu, majani manene yakinigusa shingoni, na alipoona nimetulia kidogo akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Mama asijue ni wewe. Mimi tayari amenikasirikia, akiongeza kidogo sitakufa. Lakini wewe ndiye mtoto aliyebaki naye. Hafai kukasirikia mtoto aliyebaki naye. Umenielewa? Hili ni langu."

Nilikubali kwa kichwa. Alinivua gauni, akalifua mwenyewe.

Siku mbili lile ua lilisimama kama halijadhurika, na nilianza kuamini baba ni mpishi kweli, anaweza kuokoa chochote. Siku ya tatu kingo za majani zikageuka kahawia na utando mweupe ukatokea juu ya udongo. Siku ya nne mama alilifunua asubuhi akakuta vitumba vimedondoka, vimetapakaa kwenye ubao wa dirisha, na shina limelegea pale linapoingia ardhini. Alilishika, likang'oka bila kuvutwa. Mizizi yake ilikuwa imeoza na kuwa myeusi.

Aliliweka juu ya meza. Ilikuwa Jumapili, tumevaa nguo za kanisa. "Nani amefanya hivi?"

Mkono wa baba ulikuwa juu ya kichwa changu. Nilihisi ukizidi uzito. "Ni mimi," alisema. "Nililipea chakula. Nikakosea kipimo."

"Wewe? Wewe ambaye unapimia maua elfu nzima?"

"Nilitaka lichanue haraka."

Mama alimtazama muda mrefu. Nilitamani apige kelele, avunje kitu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya kitambaa, "Kila nilichokuachia kimekufa."

Mimi nilifungua mdomo. Mkono wa baba ukashuka kutoka kichwani ukanifunika shavu na nusu ya mdomo, bila nguvu, na nikaufunga. Ningeweza kusema. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa natii, na ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa, nikafurahi kwamba kuna mtu wa kunifichia.

Sisi hatukuenda kanisani. Kabla ya saa sita mama alikuwa amefunga nguo zake na zangu kwenye mifuko miwili. Baba alibeba cherehani hadi barabarani, akaipakia kwenye matatu, akatuinua mimi na mifuko. Alidhani, aliniambia miaka mingi baadaye, kwamba ni hasira ya wiki moja au mbili.

Tulikaa Gatundu kwa Cucu, mama yake mama, mpaka nikamaliza shule. Baba alikuja kila baada ya miezi michache, na sukari na mkate, akiwa amenyoa vizuri. Cucu alimpikia chai. Mama aliingia jikoni asitoke mpaka aondoke. Alipogundua kwamba hatungerudi alihama Witeithie, akaenda kuishi Kiandutu, na hakuoa tena. Hakuna siku aliyonitaja kwa jambo lile, hata kwa kunikonyeza. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kumtembelea nilimwambia mara moja, "Baba, wacha nimwambie mama." Aliendelea kuchambua mboga. "Atakuuliza kwa nini ulikaa kimya, utamjibu nini? Wacha tu." Akaniambia pia, zaidi ya mara moja, "Siku moja nikupeleke nikuonyeshe mahali ndugu yako yuko." Nilimjibu tutaenda. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na wachumba, nilikuwa na mambo. Kisha presha ikampata asubuhi akichota maji, akaanguka, na hakuamka.

Mama hakuja Bungoma kwenye mazishi. Alinipa kitenge nimfunikie, akasema, "Nenda wewe."

Siku ile ya koti nilitoka Kiandutu moja kwa moja hadi Ruiru, ambako mama ana kibanda cha kushona siku hizi. Macho yake yamepungua nguvu, anatia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi sitasema. Nilimweleza yote: kopo, vijiko vitano, mfuko wa gauni, nyuma ya bafu. Nilimwambia maneno ya baba jinsi alivyoyasema.

Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Mteja mmoja akaja, akaona hali, akaondoka.

"Rudia," alisema. "Alisema nini kuhusu mtoto aliyebaki?"

Nilirudia.

"Na mimi nikamwambia yale maneno." Hakuniuliza, alikuwa anajisemea. "Ukiwa hapo umesimama. Akanyamaza." Alivua miwani, akaiweka juu ya nguo ya mtu aliyokuwa akiishona. "Kwa nini unaniambia leo, Nafula? Ungeniambia akiwa hai. Ningemwendea hata kwa miguu."

Sikuwa na jibu, kama baba alivyojua sitakuwa nalo. Mama alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilitaka kumshika, nikaona sina haki. Baada ya muda yeye ndiye aliyenyoosha mkono akanivuta kwa sketi, nikapiga magoti, akaweka kichwa changu mapajani mwake kwenye vipande vya vitambaa. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nipeleke kwa Simiyu."

Ndipo nilipolazimika kumwambia kwamba sijui ni wapi. Aliyejua alikuwa mmoja.

Tulienda hata hivyo, asubuhi iliyofuata. Makaburi ya Thika yamejaa tangu wakati ule. Watu wamezikwa katikati ya watu. Upande wa watoto hauna mawe wala majina, ni vituta vifupi vilivyodidimia, nyasi zimefika magotini. Mama alitembea polepole kati yake akiinua gauni lisikwame, akiinama hapa na pale kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa makamo anafyeka nyasi. Aliacha akatuuliza tunamtafuta nani.

"Mtoto," mama alisema. "Wa Wafula. Mzee mmoja mrefu, Mluhya, alikuwa anakaa Kiandutu."

Yule mwanamume alifikiri. "Anayevaa koti la kijani? Yeye huja Jumapili. Hukaa pale." Alielekeza kwa panga mahali penye tofali lililolazwa kando ya njia. "Lakini kaburi lenyewe ni lipi, mama, sikuwahi kumwuliza. Yeye hukaa tu akitazama upande huu wote. Hajaonekana siku hizi."

"Amefariki," nilisema.

"Pole sana," akasema, akavua kofia.

Mama alienda akakaa juu ya lile tofali. Mimi niliketi chini karibu na miguu yake. Mbele yetu vilikuwepo vituta thelathini au arobaini, vyote sawa, na alivitazama kimoja kimoja kuanzia kushoto, na alipofika mwisho alianza tena. Jua lilipanda. Yule mwanamume alirudi kwenye kazi yake, akafyeka safu baada ya safu mpaka akafika karibu nasi, akasimama, akasema kwa upole kwamba sasa imebaki hapo tu tulipokaa. Mama alisimama, akasogea hatua mbili kumpisha. Alipomaliza, mama akarudi akaketi tena.